Miaka Mitatu ya Kusoma Wadudu

Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya cha parokia mbele ya mkutano wa pamoja wa kamati za parokia na wafadhili. Tunayachapisha karibu kama alivyoyasema, kwa ombi la wajumbe ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya masomo yangu ya chuo. Kabla ya yote natoa shukrani. Karo yangu ya miaka mitatu ya stashahada ya maabara ilitoka kwenu. Sehemu ilitoka kwa wafadhili, na sehemu ilitokana na alizeti, mtama na mbuzi waliouzwa katika mnada wa parokia. Siku maombi yangu yalipojadiliwa mimi nilikuwa nje, kwenye benchi chini ya dirisha, na ofisi ile haina vioo madirishani. Kwa hiyo nilisikia yote. Mzee mmoja, ambaye leo namwona mstari wa pili, aliuliza: "Huyu binti anataka kwenda chuo miaka mitatu kusoma wadudu? Si afadhali asome uuguzi, arudi atuchome sindano?" Watu walicheka. Mwishowe mlipitisha, lakini swali lile halikujibiwa. Mzee wangu, hukukosea kuuliza, maana fedha ilikuwa ya watu. Leo nimekuja kukujibu.

Ninayo sababu ya kujibu sasa. Mnafahamu kwamba katika kikao kijacho kamati itaamua mambo mawili: kama kituo chetu kiendelee kununua rangi na vifaa vya hadubini wakati siku hizi kuna vipimo vya haraka vya malaria, na kama mfuko umsomeshe mwanafunzi mwingine wa maabara. Mimi sina kura katika kikao hicho. Ninachoweza ni kuwaeleza nilichojifunza, mkapime wenyewe.

Neno moja, viumbe wengi

Huku kwetu tuna neno moja: wadudu. Mtu ana wadudu kwenye damu, wadudu kwenye mkojo, wadudu kwenye jino. Somo la kwanza la mikrobiolojia, yaani elimu ya viumbe wasioonekana kwa macho, lilikuwa kulivunja neno hilo vipande.

Kuna bakteria. Hawa ni viumbe wa chembe moja wanaojitegemea, wenye ukuta wao. Ukiigawa milimita moja mara elfu moja, kipande kimoja ndicho karibu upana wa bakteria mmoja. Kifua kikuu, kipindupindu, homa ya matumbo na pepopunda ni kazi yao. Kuna virusi, ambavyo ni vidogo zaidi na haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya chembe hai ya kiumbe kingine. Surua, UKIMWI na UVIKO-19 vimo humo. Kuna fangasi, wanaoleta mapunye kichwani mwa watoto na utando mweupe kinywani. Kuna protozoa, wa chembe moja pia lakini wa ukoo mwingine kabisa, na humo ndimo alimo mdudu wa malaria na amiba wa kuhara damu. Mwisho kuna minyoo, ambayo wengine huonekana kwa macho, lakini mayai yao tunayatafuta kwa hadubini.

Mtu anaweza kusema, sawa, ni majina tu hayo. Hapana. Dawa inafuata jina. Dawa za jamii ya penisilini, kama amoksilini, humzuia bakteria asijenge ukuta wake, hata akapasuka na kufa. Virusi havina ukuta huo. Kwa hiyo mtu mwenye mafua akimeza kapsuli za amoksilini, virusi havina habari. Wanaopata habari ni bakteria wengine waliomo mwilini mwake. Wale dhaifu wanakufa, wale wachache wenye uwezo wa kuistahimili dawa wanabaki, wanazaana na kujaza nafasi ya waliokufa. Siku mtu huyo atakapougua kweli ugonjwa wa bakteria, dawa ile huenda isimsaidie tena. Serikali yetu inaita jambo hilo usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu 1,270,000 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria walioshindikana kwa dawa.

Tulifundishwa pia kutowachukia wote. Viumbe wengi wa aina hii hawana madhara, na wengine ndio wanaotulisha. Wapo wanaogandisha maziwa yakawa mtindi, wapo wanaochachua togwa, na wapo wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya maharage na karanga wakiupa udongo mbolea ya naitrojeni. Mkufunzi wetu alikuwa akituambia kwamba kazi ya mtu wa maabara ni kumtenga mkorofi kati ya umati wa wasio na hatia.

Vidole vinne juu ya sahani moja

Zoezi la kwanza la vitendo lilihusu mikono yetu wenyewe. Kila mmoja alipewa kisahani cha kioo chenye agari, yaani chakula cha bakteria kilichogandishwa kama uji mzito uliopoa. Agari hutokana na mwani, ingawa si ile aina inayolimwa kwa wingi Zanzibar. Mama zangu mtapenda kusikia kwamba wazo la kuitumia maabara lilitoka jikoni. Mwaka 1881, huko Ujerumani, mama mmoja aitwaye Fanny Hesse alimwona mumewe, aliyekuwa mtafiti, akihangaika na jelatini iliyokuwa ikiyeyuka kila palipokuwa na joto. Yeye alikuwa akitumia agari kugandishia vyakula vitamu, akamshauri aijaribu. Mpaka leo maabara za dunia nzima zinaitumia.

Tulikigawa kisahani sehemu nne kwa kuchora chini yake. Sehemu ya kwanza tulibonyeza kidole ambacho hakikunawa. Sehemu ya pili, kidole kilichonawa katika beseni moja la maji ambalo darasa zima lilinawia, kama tunavyofanya katika shughuli zetu za misiba na arusi. Sehemu ya tatu, kidole kilichonawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha kikafutwa kwa taulo la darasa. Sehemu ya nne, kidole kilichonawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kikaachwa kikauke chenyewe. Tukaviweka visahani katika kabati la joto la nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili wa mtu, tukaenda kulala.

Kesho yake tulisimama kimya. Kidole kisichonawa kilikuwa kimeotesha madoa meupe na ya manjano, na kila doa ni mji wa bakteria waliozaliwa kutokana na wachache. Kidole cha beseni hakikuwa na nafuu yoyote, na kwa wenzangu kadhaa kilikuwa kibaya kuliko kile kisichonawa. Kidole cha taulo nacho kilikuwa kimeota vizuri tu. Kidole cha nne kilikuwa na madoa machache. Hayakuisha, kwa sababu ngozi ina bakteria wake wa kudumu, lakini yalikuwa machache.

Nilimfikiria mama yangu na beseni lake la enameli, analolipitisha kwa wageni kwa heshima, kuanzia kwa mkubwa hadi kwa mdogo, maji yaleyale. Nilipokuja likizo sikumkosoa mbele ya wageni. Nilichukua birika nikasema, mama leo nitawanawisha mimi. Siku hizi nyumbani kwetu ni birika, na uani tumetundika kibuyu chirizi. Nasikia vigango viwili vimeanza kufanya hivyo misibani. Hilo nalo ni tunda la karo yenu, na halikuhitaji hadubini.

Kwa nini haraka ni muhimu? Bakteria anayeitwa Escherichia coli, akipata chakula na joto linalomfaa, hugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Fanyeni hesabu. Mmoja huwa wawili, wawili wanne, wanne wanane. Kama hakuna kitu cha kuwazuia, baada ya saa 10 yule mmoja amepita bilioni moja. Ndiyo sababu kiporo kilichoachwa juu ya meza tangu saa mbili usiku si chakula kilekile saa kumi na mbili asubuhi.

Rangi na uvumilivu

Muhula wa pili tulifundishwa kupaka rangi. Bakteria wengi hawana rangi yao, hivyo chini ya hadubini ni kama kutafuta kipande cha kioo ndani ya maji. Mwaka 1884 daktari kutoka Denmark, Hans Christian Gram, akifanya kazi Berlin, alitangaza njia ambayo bado ni ya kwanza kufundishwa. Unapaka rangi ya zambarau, unaikaza kwa iodini, unaosha kwa spiriti, kisha unapaka rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene wanabaki na zambarau. Wenye ukuta mwembamba wanapoteza zambarau na kuchukua nyekundu. Katika dakika chache daktari anajua aanze na dawa ya kundi lipi.

Siri iko kwenye spiriti. Ukiosha kwa sekunde chache mno, wote wanabaki zambarau. Ukizidisha, wote wanakuwa wekundu. Mara yangu ya kwanza nilizidisha. Nikaandika kwa kujiamini kwamba bakteria wangu ni wa kundi la wekundu. Mkufunzi akanirudisha mara tatu, akinisimamisha mwenzangu akihesabu sekunde. Nilikasirika, kwa sababu jioni ile wenzangu walikwenda mpirani. Sikujua kwamba alikuwa ananifundisha kuogopa jibu rahisi. Somo lenyewe lilinikuta baadaye, na mahali pabaya.

Kioo nilichokisoma nusu

Mwaka wa pili tulipelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya kanda hii ya kati. Asubuhi moja alikuja mama mjamzito, mimba ya miezi saba, akitokea kijijini kwenye nyumba za tembe. Alikuwa na homa iliyompanda siku tatu, ikatulia karibu wiki nzima, ikarudi tena. Dukani alikwisha kupewa dawa ya malaria mara mbili. Karatasi yake ya vipimo ilikuwa na neno moja tu: malaria.

Nilichukua tone la damu, nikapaka rangi ya Giemsa, nikatia mafuta juu ya kioo na kuangalia kwa ukuzaji wa mara elfu moja. Nilitafuta wadudu wa malaria kama nilivyofundishwa, eneo baada ya eneo. Hawakuwapo. Nikaandika "hakuna malaria", nikatia saini, yule mama akachukua jibu lake na kuondoka.

Msimamizi wetu alikuwa na desturi ya kurudia vioo vya wanafunzi. Mchana alikaa kwenye hadubini yangu, akakaa muda mrefu, kisha akaniita. "Njoo uangalie pembezoni, siyo katikati." Nikaangalia. Katikati ya chembe za damu palikuwa na nyuzi nyembamba za zambarau zilizojikunja kama springi ya kalamu. Zilikuwa pale asubuhi. Jicho langu lilizipita, kwa sababu karatasi iliniuliza malaria nami nilijibu malaria.

Ilikuwa homa ya papasi.

Wafanyakazi wa hospitali waliagiza pikipiki imfuate yule mama barabarani. Walimpata, akarudishwa, akalazwa, akatibiwa, akapona. Mtoto hakusalimika. Siwezi kuwaambia kwamba zile saa chache za kosa langu ndizo zilizoamua, kwa sababu alikuwa amekwisha kuugua wiki mbili. Siwezi pia kuwaambia kwamba hazikuhusika. Nimekwisha kulala na swali hilo usiku mwingi, na nimeacha kutafuta jibu. Nimelichukua kama kazi.

Homa ya papasi na nyumba zetu

Wazee mnamjua papasi kuliko mimi. Ni kupe laini anayeishi katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, anayetoka usiku, anakunywa damu kwa dakika chache na kurudi ufani, mara nyingi bila aliyelala kujua. Wazee wetu walijua kwamba kulala katika vibanda vya zamani vya misafara kuliwaletea wageni homa. Sayansi ilikuja kuthibitisha mwaka 1905. Robert Koch, yule Mjerumani aliyemtambulisha mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa hapa katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaonyesha kwamba papasi ndiye mbebaji, na kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake ugonjwa kupitia mayai. Mwaka huohuo, nchini Kongo, Mwingereza Dutton na Mkanada Todd walifikia jambo hilohilo. Dutton alikufa hukohuko mwezi Februari 1905 kwa homa aliyokuwa akiichunguza. Bakteria mwenyewe amepewa jina lake, Borrelia duttonii. Kila ninapovaa glavu namkumbuka.

Sasa sikilizeni kwa nini nimewachosha na habari hii. Mgonjwa wa homa ya papasi anafanana na mgonjwa wa malaria: homa kali, kichwa, maungo, kutapika. Kwa mama mjamzito ni hatari sana, huweza kuharibu mimba au kumuua mtoto siku za mwanzo. Dawa ipo, ni ya kawaida na si ghali. Lakini ina mtego wake. Saa chache baada ya dozi ya kwanza, bakteria wanapokufa kwa wingi, homa inaweza kupanda ghafla, mgonjwa akatetemeka na shinikizo la damu likashuka. Mtu huyo anatakiwa awe kitandani mbele ya muuguzi, asiwe peke yake nyumbani na kapsuli alizonunua dukani.

Na kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kumwona papasi wala mdudu wake. Sisemi kipimo kile ni kibaya. Ni kizuri sana. Tangu Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, kimewaokoa wengi na kumeza dawa bure. Nakitumia kila siku. Lakini kipimo kile kinajua kuuliza swali moja: je, katika damu hii kuna protini ya mdudu wa malaria? Kikisema hapana, ni hapana ya swali hilo tu. Hata ndiyo yake ina mipaka, maana protini inaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kioo kilichopakwa rangi, mbele ya jicho lililofundishwa, hakichagui swali. Kinaonyesha kilichomo.

Ndiyo sababu niliporudi kwenu niliweka utaratibu huu. Kila mwenye homa anaanza na kipimo cha haraka. Kikisema hapana na homa bado ipo, nachukua tone la damu na kulisoma kwa hadubini, katikati na pembezoni. Nimekwisha kuziona zile nyuzi katika kituo chetu zaidi ya mara moja. Hao ni watu wa parokia hii, na baadhi ya ndugu zao wamo humu ndani.

Dawa hazitoki

Nije kwenye jambo gumu, na naomba mniwie radhi nikilisema waziwazi. Miezi michache baada ya kurudi nilisikia neno likizunguka: "Tangu huyu binti arudi, dawa hazitoki." Ni kweli. Mapato ya dawa yalishuka. Watu waliokuwa wakiondoka na dawa ya malaria na kapsuli juu yake, sasa wengine wanaondoka na ushauri na vidonge vya kupunguza homa. Nakataa pia kupima homa ya matumbo kwa kipimo cha Widal peke yake, mara moja, halafu mtu auziwe dozi nzima. Kipimo hicho ni cha mwaka 1896. Kinatafuta alama za kinga iliyojengwa na mwili, na mtu aliyewahi kuugua zamani anaweza kuonyesha alama hizo leo akiwa na homa nyingine kabisa. Wengi wetu tumewahi kuambiwa tuna malaria na taifodi kwa pamoja. Wengine walikuwa nazo kweli. Wengine walikuwa na karatasi tu.

Naelewa uchungu wa mhazini. Mshahara wa mlinzi na mafuta ya jenereta vinatoka kwenye mapato hayohayo. Lakini kituo kikipimwa kwa dawa kilizouza, siku ya mafanikio makubwa itakuwa siku ya ugonjwa mwingi, au siku ya kuwauzia watu wasichohitaji. Naamini hakuna mmoja wenu aliyetoa mbuzi wake mnadani kwa ajili hiyo.

Ninachoomba

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi manne.

Kwanza, rangi, vioo na mafuta ya hadubini viwe na fungu lao katika bajeti ya kituo. Ni vitu vidogo na chupa moja ya Giemsa hupima mamia ya vioo. Lakini kwa sababu ni vidogo husahauliwa, na hadubini isiyo na rangi ni pambo la mezani. Wafadhili wetu wapendwa, mnapenda kuleta mashine, nasi tunawashukuru. Tafadhali mkileta mashine, ulizeni pia vitendanishi vyake vya mwaka wa pili na wa tatu vitatoka wapi.

Pili, katika taarifa ya robo mwaka, pembeni ya safu ya mapato ya dawa, iwekwe safu nyingine: wagonjwa waliopimwa kabla ya kutibiwa. Mkiisoma safu hiyo mtaujua uhai wa kituo.

Tatu, kamati za vigango zisaidie nyumba. Kuziba nyufa, kusogeza vitanda mbali na ukuta, kuwapa vitanda wajawazito na watoto wanaolala chini, na anayeweza aweke sakafu ya saruji. Hiyo ni kazi ya mikono yetu, haihitaji mfadhili.

Nne, msomesheni yule kijana. Simsemei kwa sababu ni jirani yangu. Nasema kwa sababu mimi ni mmoja, na siku nikiugua, chumba cha maabara kinafungwa. Tena naye anahitaji mtu wa kurudia vioo vyake, kama mimi nilivyomhitaji wangu. Kioo kile cha asubuhi kiliokolewa na jicho la pili. Kituo chenye mtu mmoja hakina jicho la pili.

Mzee wangu wa mstari wa pili, uliuliza kama haikuwa afadhali nisome uuguzi, nirudi niwachome sindano. Wauguzi wetu wanafanya kazi kubwa, na tunawahitaji zaidi ya tulionao. Lakini kabla sindano haijachomwa, mtu mmoja lazima ajue inamlenga nani. Miaka mitatu mlinilipia nijifunze hilo, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilijifunza kuangalia tena mahali nilipodhani nimekwisha kuona. Milango ya maabara iko wazi. Kesho asubuhi, kabla ya wagonjwa kuwa wengi, karibu uje uangalie mwenyewe. Nimehifadhi kioo kimoja chenye zile nyuzi. Nitakushikia kiti.